Picha ya Rada Niliyoiomba Mwenyewe

Vijana wangu mnaokwenda kushika usukani Doha, nianze na habari ya sambusa.

Mwaka wangu wa kwanza kule niliandikiwa kosa la kukimbiza basi. Niliwaka. Nilikwenda ofisi ya trafiki na shati langu la kazi, nikapanga foleni, na nilipofika dirishani nikamwapia askari kwa Mwenyezi Mungu na kwa mama yangu mzazi kwamba siku ile, saa ile, mimi nilikuwa kitandani. Askari mwenyewe alikuwa kijana mpole. Hakubishana nami. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu, nikajiona: mkono mmoja kwenye usukani, sambusa nzima imesimama mdomoni, macho yamenitoka. Akavuta tishu kwenye kiboksi chake akanipa, kama kwamba mafuta ya ile sambusa bado yalikuwa kidevuni.

Nilitoka pale natamani ardhi ipasuke inimeze.

Jina langu Shaabani, mtu wa Tanga. Nimeendesha mabasi madogo Doha miaka kumi na minane, kampuni moja ya usafi, kazi yangu kuwatoa wafanyakazi kwenye kambi za Industrial Area asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwaka jana mgongo ulisema imetosha, nami nikarudi nyumbani. Sasa haipiti wiki bila kijana kunipigia simu kutoka kule, sauti imemkauka: "Mzee, nimeletewa mukhalafa, nifanyeje?" Mukhalafa ndilo neno la kule kwa kosa la barabarani. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuumbwa. Breki ya mkono naivuta, naikagua, nashuka, halafu narudi kuikagua tena. Mke wangu husema naweza kurudi kukagua mlango wa nyumba tuliyokwisha hama. Kwa hiyo nisikilizeni, maana asiye na wasiwasi hana cha kuwafundisha katika jambo hili.

Aliyenifunza kupinga kosa kwa adabu ni mzee mmoja wa Kisudani, dereva mwenzetu, tuliyemwita Ami Idrisa. Habari ya sambusa ilikwisha enea kambini, na niliyeieneza ni mimi mwenyewe kwa upumbavu wangu. Akanikalisha kwenye ngazi ya basi lake, akanimiminia chai, akasema:

"Shaabani, ukifika dirishani, neno lako la kwanza lisiwe 'si mimi'. Liwe 'naomba kuona'. Ukisema si mimi umeshajifunga kamba. Ukisema naomba kuona, bado uko huru, uwe ni wewe au usiwe."

Maneno hayo nimeyatumia mara nyingi na yameniokoa. Mara moja sikuyatumia, na hiyo ndiyo nitakayowasimulia. Lakini kwanza niwape ya kazi, msije mkasema mzee amewapigia porojo tu.

Kuomba kuona kuna utaratibu. Usiende kusema "niliandikiwa juzijuzi kule karibu na mzunguko mkubwa". Nakili namba ya kosa. Nakili tarehe, na saa mpaka dakika yake. Namba ya gari isome tarakimu moja moja kama unamsomea kipofu. Andika jina la barabara, na andika upande: ulikuwa unakwenda au unarudi? Upande ndio watu wanaousahau. Mganda mmoja wa pale kambini alibishana siku mbili nzima kuhusu kasi inayoruhusiwa kwenye barabara anayoipita kila siku, kumbe kosa lilikuwa upande wa kurudi, ambako mafundi walikuwa wanachimba na kibao cha muda kilikuwa kimepunguza kasi. Alikuwa anatetea barabara ambayo hakuna aliyeishtaki.

Halafu barua. Barua iwe ya Kiarabu, na nyinyi Kiarabu chenu ni cha sala na sokoni. Nenda kwa wachapaji, wale wanaokaa kwenye viduka na kompyuta, wanajua maneno yanayotakiwa dirishani. Mwambie kwa ufupi: naomba picha, naomba kasi iliyopimwa, naomba kasi iliyoruhusiwa mahali pale. Kisha msimamie asome kwa sauti alichoandika, kwa sababu wachapaji wengi wakiona sura ya dereva huanza kumwombea msamaha bila kuulizwa. Ukishaomba msamaha kwa maandishi, picha ya nini tena?

Na kama gari ni la kampuni, wewe si mwenye gari. Barua itataka mhuri wa kampuni, na atakayeipeleka ni mandubu, yule mtu wa kampuni anayezunguka maofisini kwa niaba ya tajiri. Fanyeni urafiki na mandubu. Wetu alikuwa Myemeni, mnene, mcheshi, mpenda karaki, ile chai yao ya maziwa na iliki. Nimemnunulia karaki za kuogeshea ng'ombe, na sijutii hata kikombe kimoja.

Najua mnacheka. "Mzee, siku hizi yote yako kwenye simu." Ni kweli, na ni jambo jema, zamani tulishinda juani kwa kitu mnachokipata kwa kidole. Lakini simu inakuonyesha kwamba kosa lipo. Haikuonyeshi ulivyokuwa. Rada nyingine hupiga gari kwa nyuma, unaona namba na vumbi. Nyingine hupiga kwa mbele, unaonekana wewe na sambusa yako. Hujui ipi mpaka uone. Halafu simu inayopokea ujumbe wa gari la kampuni si yako, ni ya ofisi. Kwetu sisi ile simu ilikaa kwenye droo ya karani, na hakuna aliyeifungua mpaka siku ya kuhuisha kadi ya gari, istimara, mara moja kwa mwaka. Siku hiyo madhambi ya mwaka mzima yalichapwa kwa mkupuo. Tuliiita kiama kidogo.

Ndiyo siku iliyoniletea karatasi yangu.

Kabla ya karatasi, niwaambie kuhusu Wekesa. Alikuwa Mkenya, mtu wa Bungoma, kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu mpaka magoti yakigusa usukani. Mlokole wa kweli, si wa maneno. Mimi Mwislamu wa Tanga, yeye Mkristo wa Bungoma, na tulielewana kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Kilichotuunganisha ni Ijumaa.

Doha siku ya mapumziko ni Ijumaa, kwa hiyo hata Wakristo wengi husali Ijumaa. Kanisani asubuhi, msikitini mchana, siku ileile. Lakini wasafishaji wetu wa Al Wakrah hawakuwa na Ijumaa, na basi moja lazima litembee, wiki hii kwa jina langu, wiki ijayo kwa jina lake. Basi sisi tukagawana siku. Kuanzia alfajiri mpaka saa nne na nusu naendesha mimi, yeye yuko kanisani. Saa nne na nusu ananipokea ufunguo langoni mwa kambi, anapeleka zamu ya pili Al Wakrah, mimi naoga, navaa kanzu, nakwenda kumsikiliza khatibu nikiwa nimetulia. Miaka mitatu tulifanya hivyo. Kampuni ilikataza madereva kupeana magari, kwa hiyo kwenye daftari la safari hatukuandika kitu. Daftari lilisema jina moja kutwa nzima. Tuliona tumefanya ujanja wa kumpendeza Mungu pande zote mbili.

Sasa kiama kidogo. Msimamizi wetu wa magari alikuwa Mhindi, Bwana Koshi, mtu wa haki kwa kiasi chake, mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso kila akiwa na habari mbaya. Jumapili hiyo nilimkuta miwani iko juu.

"Shaabani, kaa."

Karatasi ilisema: Ijumaa moja, miezi mitano nyuma. Barabara ya Al Wakrah, upande wa kurudi Doha. Saa tano na dakika kumi na saba asubuhi. Kasi mia moja arobaini na moja, mahali pa mia. Na daftari la safari, ambalo Koshi alikuwa ameliweka wazi kando yake, lilisema dereva ni Shaabani.

Kampuni yetu ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: dereva akizidisha kasi kupita arobaini, anafutiwa kibali na kupewa tiketi ya kurudi kwao. Nilikuwa nimeshawaona watatu wakienda hivyo. Wanangu watatu walikuwa shuleni, nyumba yangu ilikuwa imefika kwenye linta. Nikafungua mdomo, na neno lililotoka ni lile alilonikataza Ami Idrisa.

"Si mimi."

Na sikuwa nadanganya, nataka mlielewe hili. Niliamini kwa moyo wote. Saa tano na dakika kumi na saba, siku ya Ijumaa? Saa hiyo mimi niko safu ya pili msikitini. Hilo nililijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Sikujiuliza ile Ijumaa yenyewe ilikuwaje. Nilizijibu Ijumaa zote kwa pamoja.

"Daftari linasema wewe," akasema Koshi.

"Naomba picha."

Hilo nalo nilisema, lakini limekuja la pili. Koshi akagonga mhuri kwenye barua, mandubu akaichukua, na Koshi akaniambia picha ije au isije, Alhamisi tajiri atataka jina. Jina moja, akasisitiza, la mtu aliyekuwa kwenye kiti.

Kile kidude cha kufuatilia basi tulikiangalia hapohapo kwenye kompyuta yake. Kilikubali kasi ileile, dakika ileile. Kwa hiyo rada haikukosea. Kilichobaki ni nani.

Nilimfuata Wekesa chumbani kwao. Vyumba vya kambi mnavijua au mtavijua, watu sita, vitanda vya ghorofa, nguo zimening'inia kila mahali. Nikamwonyesha karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Mzee, hiyo saa si basi huwa niko nayo mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi kukumbuka hiyo siku siwezi, ni kitambo. Lakini kama ni Friday na ni saa tano hivi, basi ni mimi nilikuwa kwa gari. Wewe uko msikiti." Akajikuna kidevu. "Sijawahi kanyaga mafuta hivyo, bana. Lakini kuapa siwezi."

Mtazameni mtu huyo. Angeweza kukana. Daftari lilikuwa upande wake, hakuna karatasi duniani iliyokuwa na jina lake. Yeye naye, kama mimi, alizijibu Ijumaa zote kwa pamoja, ila yeye alijibu dhidi ya nafsi yake.

Nami nilifanya nini? Nilimwomba. Sikumlazimisha, sikumtisha, lakini nilimwomba, na kuomba kwa mzee mbele ya kijana ni kulazimisha kwa adabu. Nilimtajia wanangu watatu. Yeye alikuwa na wawili na mama yao, na nilijua, wala sikuwataja. Siku tatu nilipita mbele ya chumba chao nikikohoa. Siwezi kuwaeleza hofu ile. Kila simu ilipolia nilidhani ni Koshi.

Jumatano Wekesa alikwenda ofisini kwa mguu wake mwenyewe, akaandika kwamba tulipeana gari na kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Alipotoka aliniuliza jambo moja tu.

"Na hiyo picha, bado inakuja?"

"Mandubu anasema inakuja."

"Sawa. Ikikuja itaonyesha vile ilikuwa."

Aliitegemea. Huenda ilipigwa kwa nyuma, alisema, huenda ikaonyesha gari lingine limetuandama, huenda kukawa na sababu. Tiketi yake ilipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kila siku alinitumia ujumbe neno moja: "Imetoka?" Nami nilijibu neno moja: "Bado." Nikilala nilimwombea dua. Nilijiona mtu mwema anayemhurumia mwenzake.

Picha ilifika Jumatatu, muda mfupi kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimeegesha kwenye kivuli cha karakana moja Industrial Area, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Mandubu aliituma kwenye simu yangu, maana mwombaji nilikuwa mimi, akaweka na kile kikatuni cha mtu anayecheka.

Ilipigwa kwa mbele. Kwenye kiti alikuwa mtu mwenye kanzu nyeupe na kofia ya mshono wa Tanga, mikono miwili kwenye usukani, kidevu mbele, uso wa mtu anayechelewa sala.

Ilinirudia yote hapohapo. Ijumaa ile kanisani kwao kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa mwenzao mmoja, ibada ikarefuka. Saa nne na nusu Wekesa hakuwapo langoni. Nilingoja dakika tano, nikavaa kanzu ndani ya basi ili nisipoteze muda, nikawapeleka wale akina dada wa usafi Al Wakrah mwenyewe, nikarudi nimekanyaga mafuta mpaka mguu unauma. Niliporudi nilimkuta Wekesa amesimama langoni anaomba radhi, mkononi kipande cha keki kimefungwa kwenye tishu, zawadi yangu. Nililikumbuka mpaka jina la yule mtoto. Miezi mitano nilikuwa nimelisahau jambo zima, kwa kuwa nilifika msikitini kabla ya khutba, na kwa mtu kama mimi siku ikiisha salama haiachi alama.

Simu ikaita kidogo mkononi. Wekesa. "Imetoka?"

Nilikaa nayo. Nje, fundi mmoja alikuwa anagonga bamba la lori, nami nikihesabu mapigo ya nyundo. Kisha nikaandika, "Bado."

Zile "bado" za wiki iliyotangulia zilikuwa za kweli. Hii ilikuwa ya kwanza ya uongo, na iliandikwa kwa herufi zilezile nne.

Jumanne aliniuliza ana kwa ana, kwenye mabomba ya maji, ndoo mkononi. "Mzee, hawa watu wa picha wamelala?" Nikasema wana kazi nyingi. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka ya kawaida. Akilini nilikuwa na hoja kumi: ameshatia saini, tajiri ameshapewa jina, yeye bado kijana atapata kazi kwao, mimi mzee nitaajiriwa na nani, na mwenye kuhitaji picha ni mimi na nimeshaiona. Mwizi hakosi sababu. Usiku huo sikuomba dua kwa ajili yake, niliona haya.

Jumatano baada ya alasiri nilikwenda chumbani kwake. Sitaki mnisifu kwa hilo, nilikwenda kwa sababu nilishindwa kula kwa siku ya tatu na nikaogopa kuanguka na basi lenye watu. Alikuwa anapima sanduku kwa ile mizani ya mkono, kandambili za wanawe zimefungwa juu. Nilimpa simu.

Aliivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama kofia, akautazama uso, akaitazama kofia tena.

"Hii ni ile siku ya keki," akasema.

"Ndiyo."

"Ni wewe."

"Ni mimi, Wekesa."

Nilidhani atanipiga, na kwa kweli ningeona nafuu. Alikuwa anatafuta kitu kingine kwenye simu. Alikuwa anatafuta juu ya picha, pale panapoonyesha siku na saa ujumbe ulipoingia.

"Ilikuja lini?"

Jibu alikuwa ameshaliona, lakini alitaka nilitamke.

"Jumatatu."

"Leo ni Wednesday, mzee."

Wale wenzake wa chumbani walitoka mmoja mmoja kama waliosikia harufu ya ugomvi, na ugomvi haukuwapo.

Tulikwenda kwa Koshi, tukitembea kwa haraka, mimi nyuma yake. Niliiweka picha mezani na nikasema yote, kuanzia Ijumaa zetu mpaka uongo wangu wa kwenye mabomba ya maji. Koshi aliitazama picha. Miwani ikapanda.

"Kibali chake kimefutwa jana," akasema. "Jumatatu karatasi zilikuwa hapa, chini ya mkono wangu. Jumatatu ningezichana."

"Basi mrudisheni," nikasema. "Mimi ndiye wa kwenda."

"Kikishafutwa kimefutwa, khalas. Na tajiri nimeshampa jina. Nikimpa la pili ataniuliza mimi nasimamia nini hapa. Na kesho nani atawapeleka watu Al Wakrah?" Akanisukumia daftari la safari. "Kuanzia leo andika kila ufunguo unapobadilisha mkono. Nenda kazini, yalla."

Ndivyo nilivyoadhibiwa: nilibakizwa. Niliendesha miaka mingine saba. Ofisini waliniita dereva mwaminifu, kwa kuwa nilikwenda kujisema mwenyewe, na kila waliponiita hivyo nilitafuta pa kuuficha uso. Kwa hiyo mkinipigia simu kuhusu mukhalafa na mkanisikia nawauliza kwa ukali "umeiona picha? umeiona kwanza?", msidhani nawafokea nyinyi. Na mkishaiona, jiulizeni nani mwingine anaingoja, mkampelekee hata kabla hamjamaliza kutetemeka. Mimi wasiwasi wangu wote wa breki na milango haukunisaidia siku mbili nilizouhitaji.

Lakini nimeiruka habari ya mimi na Wekesa koridoni. Tulitoka kwa Koshi tukasimama pale kwenye mashine ya maji, hakuna anayejua pa kuutupa mkono. Nilianza kumwomba radhi kwa maneno mengi. Akanikatiza kwa upole.

"Mzee, nitumie hiyo picha."

Nikaona ubalozi, nikaona mahakama ya kazi, nikaona uso wangu kwenye simu za watu. Hata pale, baada ya yote, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kujiogopea. Nikamuuliza ataifanyia nini.

"Mama watoto ananiuliza kwa simu, 'Kwa nini wanakurudisha?' Nimemwambia ni mimi nilikimbiza gari. Amelia sana, anasema kumbe hivyo ndivyo huwa naendesha, na yeye huku ananiombea." Akaiangalia sakafu. "Nataka tu aone si mimi."

Niliituma hapohapo. Simu yake ikalia mfukoni, akaitoa, akaifungua kuhakikisha imefika yote, kofia na saa na dakika. Kisha akanishika mkono, kwa mikono miwili kama walivyomlea kwao, akasema, "Asante, mzee."